Penisilini ni ya Waliolazwa

Mwaka ule, enzi za Wabelgiji, mkurugenzi wa hospitali ya weusi, pale Kindu, alitoa amri: mgonjwa anayetibiwa na kurudi kwake apewe dawa zilizo kwenye orodha tu. Penisilini ilikuwa ya waliolazwa.

Anaclet Banza, muuguzi wa dirisha la dawa, alipokea karatasi ya Mwanahamisi, mama aliyevuka Lualaba kutoka Alunguli na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Daktari kijana alikuwa ameandika penisilini, kisha akaondoka kwenda Lubutu.

"Mama, hii siwezi kukupa," alisema Anaclet. "Iko sulfa."

"Vidonge vile vyeupe? Hapana, baba. Mwaka jana vilimuvimbisha, ngozi ikatoka kama ameungua. Njo maana munganga aliandika ingine."

Anaclet alitazama shingo ya mtoto. Makovu yalikuwapo. Akafunga dirisha, watu wakinung'unika kwenye foleni, akaenda kwa Masera Émilienne, mtawa aliyeshika funguo za ghala.

"Nikimpa huyu, wodi itakosa," alisema Masera. Hakusema kwa ukali; wiki iliyopita mtu alikuwa amefia mikononi mwake wakingoja sanduku la dawa litakaloletwa na treni.

"Basi tumulaze, Masera."

"Kitanda hakuna."

"Chini iko nafasi."

Masera aliitikia kwa kichwa.

Lakini Mwanahamisi alikataa. Nyumbani alikuwa ameacha mapacha kwa jirani, na mumewe alikuwa machimboni Pangi. "Ninalala huku, wale nani atawalisha?"

"Ukivuka naye leo, mama, sijui kama utamurudisha."

Maneno yale yalimtoka Anaclet kabla hajayapima. Mwanahamisi alilia bila sauti, akafungua kanga, akaitandika sakafuni kati ya vitanda viwili. Jioni Anaclet alivuka mto kwa mtumbwi kupeleka habari. Jirani alimpokea kwa matusi: unga ulikuwa umekwisha, na mapacha walikuwa wakilia.

Mtoto alipona. Mwanahamisi aliondoka bila kuaga, akikimbilia wanawe wengine.

Daktari aliporudi, mkurugenzi alimwita. Anaclet alisikia sauti zikipanda nyuma ya mlango, kisha zikashuka. Tangu hapo daktari aliandika yaliyomo kwenye orodha tu, hata kwa wale aliowatazama kwa muda mrefu kabla ya kushika kalamu. Mkaguzi akaja kutoka Costermansville, makao makuu ya jimbo, akasifu: hakuna karatasi hata moja iliyokiuka amri. Wauguzi walipeana mikono.

Anaclet naye alipewa mkono. Siku zilizofuata, mama akimwambia dawa haimfai mwanawe, alimwuliza kwanza kama ana mtu wa kumwachia nyumba. Wengi walisema hawana, wakachukua vidonge, wakaenda.