Sauti ya Mchango

Mtangazaji wa redio alifika studio mapema kama kawaida yake, akavaa hedifoni, akanywa funda la maji ya uvuguvugu, akafungua mdomo asome taarifa ya habari. Sauti haikutoka. Fundi mitambo alikagua nyaya, akagonga kipaza sauti, kisha akaweka muziki.

Daktari alimmulika kooni kwa tochi.

"Koo ni zima," alisema. "Sauti ndiyo haimo. Uliiuza?"

Aliitikia kwa kichwa. Kampuni moja ilikuwa imemrekodi kwa ajili ya programu ya kuwasomea watu maandishi kwenye simu. Alitia sahihi, akalipwa vizuri, akanunua jokofu. Programu ilipoingia sokoni, sauti ikahamia kwa mmiliki wake mpya.

Alikwenda na mumewe kwenye kampuni. Binti wa mapokezi aliwakaribisha kwa heshima zote.

"Mama anaweza kuikodi," alisema, "kama mteja mwingine yeyote."

Wakaikodi. Lakini kila alipoandika maneno ya kumkaripia mumewe, simu ilijibu kwamba lugha hiyo hairuhusiwi. Mume alisema kwa upande wake haoni tatizo.

Aliyeliona ni shemeji yake mtangazaji, mume wa mdogo wake, mwandishi wa programu asiyeona. Alijaribu kuirekebisha, akakuta imefungwa pande zote. Hata kuchungulia ndani ilikuwa kosa.

"Shemeji, kutwa nzima kwenye simu yangu unanisomea barua za kazini," alimwambia, "halafu kuniamkia tu mpaka ulipie? Hapana. Tunatengeneza nyingine, na hii haitafungwa na mtu."

Majirani walijaa sebuleni kurekodiwa, kila mmoja akitoa maneno yake. Fundi cherehani alitoa "umeacha" na "kesho", neno alilolizoea kuliko yote. Muuza nyama alitoa "haloo" na "taa". Mama mkwe alitoa "tena" na "hapana", na hiyo "hapana" akaendelea kuitoa hata alipoambiwa inatosha. Wengine walisita mlangoni wakihofia kurudi nyumbani mabubu, mpaka walipomsikia fundi cherehani barabarani akimwambia mteja, "Kesho, mama, kesho." Kilichotolewa kwa hiari hakikumtoka mtu.

Shemeji aliiweka programu hadharani: aichukue anayetaka, aifungue, airekebishe, ampe mwenzake, mradi naye asiifunge. Mtu wa mji wa mbali, wasiyemjua hata kwa sura, aliinyoosha "samahani" iliyokuwa ikikwaruza.

Ijumaa asubuhi mtangazaji aliamka, akageuka kitandani.

"Umeacha taa ya bafuni inawaka tena," alisema, bila simu. "Umeacha" ilikuwa ya fundi cherehani, "taa" ya muuza nyama, na "tena" ya mama mkwe, yenye ukali wake wote.

Mume aliinuka, akaenda kuizima. Aliporudi, macho yake yalikuwa yamelowa.

Siku hiyohiyo mtangazaji alisoma habari. Mtaani watu walisimama kila mmoja neno lake lilipopita. "Hilo langu!" muuza nyama aliwaambia wateja, kisu kikiwa juu. Mama mkwe aliongeza sauti ya redio mpaka vioo vikatetemeka.

Wakili wa kampuni alipiga simu studio kukumbusha kwamba sauti ya kwanza bado ni mali yao mpaka mkataba utakapokwisha, na mkataba hauna mwisho. Ilikuwa kweli, na baadaye mahakama nayo ilisema hivyohivyo. Lifti za mjini ziliendelea kutaja ghorofa kwa sauti yake ya zamani, na kampuni ikaendelea kurekodi wengine.

Siku ile wakili alipokata tu, simu ya studio iliita tena. Mtangazaji akapokea.

"Haloo," alisema mpigaji, kwa sauti ya muuza nyama.

"Haloo," alijibu, kwa sauti ileile.

Alikuwa mwimbaji wa mji mwingine, aliyeuza sauti yake miaka mingi nyuma na hakuwa ameongea tangu hapo. Aliichukua ile programu jana yake, na leo ameamka anaongea. Alitaka kusema asante, akaisema, akaona tamu, akairudia.

"Endelea tu, dada," alisema mtangazaji. "Sema mpaka uchoke."

Fundi mitambo aligonga kioo, akamwonyesha mtambo wa simu. Laini zote zilikuwa zinaita.