Pindo la Lela

Mwaka wa themanini na sita, Lela binti Abdurahim alikuwa na lugha yake mwenyewe, na Jericho nzima ilimcheka. Mtaa ulikuwa na lugha za kumwaga, na Sheng ilizaa maneno mapya kila Jumatatu. Nani alihitaji lugha ya maneno matano isiyoweza hata kuagiza chai?

Maneno yenyewe yalikuwa geuza, sogeza, paka, futa, rudia. Aliyaunda kwa ajili ya kompyuta ya kampuni moja mjini, iliyozoea kuwapima watafuta kazi kwa mafumbo ya picha. Unaonyeshwa picha ya miraba, kisha picha hiyo hiyo ikiwa imebadilishwa. Unaonyeshwa jozi nyingine. Halafu unapewa picha ya tatu isiyo na mwenzake, useme itakuwaje. Mkubwa wa pale, Bwana Gichuru, sasa alitaka mashine ndiyo ifumbue. Nafasi ya mtunga programu ilikuwa moja, na walioitaka ni Lela na Kinyanjui, waliosoma pamoja darasa la jioni. Akiikosa, Lela angerudi kibandani kwa baba yake kukunja leso, na alishakunja za kumtosha maisha.

Programu ya Kinyanjui ilijaribu kila kitu, mraba kwa mraba, ikachemka kama githeri isiyotaka kuiva. Ya Lela iliunganisha maneno yake tu, geuza kisha paka, sogeza kisha futa, mpaka ikapata mfuatano uliozikubali jozi zote mbili. Mfuatano huo ndio ikautumia kwa picha ya tatu. Hujameza mate, jibu hilo.

Picha za kujaribia alizichora na shangazi yake Muhiba kwenye karatasi za kufungia bidhaa. Na kwa kuwa ni watu wa leso, kila picha waliitia pindo. Leso ina mji katikati na pindo pembeni. Mambo yote yako mjini, pindo limekaa tu kupendeza. Kwa hiyo agizo la kwanza kabisa katika programu likawa hili: weka pindo kando, tazama mji, ukimaliza rudisha pindo kama lilivyokuwa.

"Lela, kwani hata fumbo unalivalisha leso?" Kinyanjui alimtania siku alipopita kibandani.

"Wewe nenda ukaongeze kuni, githeri yako bado mbichi!"

Muhiba alicheka hadi akashika kaunta.

Siku ya kupimwa, Gichuru aliingiza fumbo lake mwenyewe. Lilikuwa jepesi: kidoti kimoja kinatembea ukingoni mwa picha, kutoka pembe hadi pembe. Katikati patupu. Ya Kinyanjui ikaanza kuchemka. Ya Lela ikajibu papo hapo: HAKUNA KILICHOBADILIKA.

"Hakuna?" Gichuru aliinama kwenye kioo. "Msichana, kidoti kilikuwa hapa, sasa kiko hapa. Mtoto wangu wa nasari angekiona."

"Ni pindo, mzee. Inaliweka kando."

"Pindo la nini?"

"La... leso."

Makarani walilipuka. Mmoja aliuliza kama kompyuta imeposwa, aanze kuchanga. Lela alicheka nao kidogo, kwa adabu, macho yakimchoma.

Kinyanjui alinyoosha mkono, akafuta lile agizo la kwanza katika programu ya Lela, akaiendesha upya. Jibu likaja, sahihi. Fumbo lililofuata, sahihi. Na lingine.

"Kijana ana jicho huyu!" Gichuru akampiga begani. "Utaanza Jumatatu."

"Lakini lugha ni yangu, mzee," Lela alisema.

"Nani amekataa? Ni nzuri sana. Ndiyo maana inabaki hapa." Akavaa koti lake. "Kabla hujaenda, mama, hebu mweleze mwenzako inavyofanya kazi. Asije akatuharibia."

Kinyanjui alikuwa ameshavuta kiti mbele ya mashine, kalamu mkononi.

"Haya dadangu, anza na hiyo paka. Polepole, niandike."

Lela alieleza neno kwa neno, vizuri, maana hakujua kueleza vibaya. Alieleza akiwa amesimama. Hakuna aliyemwambia akae.