Gari la Kupita Kuze

Watu wa mtaa wetu wa Kuze walisema nimenunua gari la vijana kwa sababu mke wangu amekufa na akili zangu zimemfuata. Waseme. Mimi Zein ni fundi wa bati, shule sikukaa sana, lakini sababu ya kununua naijua. Ni nguzo.

Nguzo yenyewe ya chuma, imesimikwa mdomoni mwa kichochoro chetu. Wazungu waliiweka ili magari yasiingie. Wakaja wakubwa wetu wenyewe, bendera ikapanda, tukapiga vigelegele, na nguzo ikabaki pale pale. Mwanaesha wangu alipozidiwa, gari la hospitali lilisimama nje ya nguzo likapiga honi. Tukambeba na kitanda chake, kona baada ya kona, na alipofika garini alikuwa ameshakata kauli. Siku ya mtu ni ya Mungu, sibishi. Lakini ile nguzo hakuisimika Mungu.

Nilikwenda ofisini kwa hao wakubwa. Kijana mwenye tai akaniambia, "Mzee, tutaliangalia." Mpaka leo wanaliangalia.

Basi zikaja habari kutoka Malindi kwamba binti yangu Swabaha ana mimba. Kwetu mimba ya kwanza mtu huja kuzalia kwao. Mamake hayupo, lakini nyumba ipo, na jirani yangu Mwanabaraka, mkunga, alisema atasimama mahali pa mama. Vyema. Na mambo yakiharibika? Nikaapa kuwa huyu habebwi kitandani. Gari litamfuata mlangoni.

Nikachukua kamba nikapima. Kati ya nguzo na ukuta nikafunga fundo. Halafu nikaenda pale pembamba kuliko pote, mbele ya nyumba ya Gharib, mumewe Mwanabaraka. Hapo pana baraza ya mawe, na sisi wanaume hukaa hapo kila alasiri tukanywa kahawa na kuwasema wakubwa. Gharib alikuwa ameketi. Nikampa ncha ya kamba.

"Ishike ukutani, nyuma ya mgongo wako."

"Wapima kaburi langu?"

"Kaburi lako halitafika hapa kwa upana. Shika!"

Nikafunga fundo la pili, nikaenda kutafuta gari. Nilitembea na kamba yangu mji mzima. Magari ya siku hizi yamenona, hakuna lililotosha. Ndipo Kioko, fundi wa injini anayefanya kazi reli, akanipeleka Tudor kwa Mwingereza mmoja aitwaye Tom, aliyekuwa akifunga mizigo arudi kwao.

Lilikuwa chini ya banda la makuti. Gari la mashindano la viti viwili, la kabla ya vita vya Hitla. Boneti ndefu, magurudumu membamba yenye sipoku kama ya baiskeli. Turubali la juu lilikuwa limeliwa na panya, na kwenye kiti cha dereva kuku alikuwa amelalia mayai.

"Injini je?" nikamuuliza Kioko.

"Imekwama, haijafa. Nitaimwagia mafuta ya taa, itaachia. Bodi ni yako."

Nikaligonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mbele hadi nyuma. Kutu ilikuwa ya juu juu tu, isipokuwa sakafuni, na sakafu kwangu ni kazi ya asubuhi moja.

"Hii gari mbio sana," Tom akasema. "Nairobi ilishinda watu wote."

"Mimi sitaki lishinde mtu, bwana. Nataka lipite."

Nikatandaza kamba kutoka madigadi hii hadi ile. Ikabaki nafasi ya kiganja. Tom akacheka. "Wewe iko fundi ya nguo?"

Alipotaja bei, mimi nikamwangalia kuku. "Meli yako Jumamosi," nikamwambia. "Utalibeba mgongoni?" Akashusha bei. Tukapeana mikono, akampapasa yule kuku, akaingia ndani bila kugeuka. Nilimwelewa.

Karakana sina. Vyombo vyangu viko mlangoni kwangu, kwa hiyo ilibidi lisukumwe mpaka kwangu. Kioko akashika usukani, mimi na wapita njia tukasukuma kutoka Tudor. Pale kwenye nguzo nikawaambia wote kimya. Likapita. Nikaitemea nguzo mate, tena mbele za watu.

Tulipofika kwa Gharib, krrr! Madigadi ikapanda baraza, gari likasimama. Gharib alikuwa ameketi pale pale, kikombe mkononi.

"Zein! Gari lako limekuja kunywa kahawa."

"Nilipima! Wewe mwenyewe ulishika kamba!"

"Nilishika ukutani, kama ulivyonambia. Na hapa nilipokalia ulidhani ni hewa?"

Nikaivuta kamba tena. Ukuta kwa ukuta, ilitosha. Baraza hatukuihesabu, si mimi si yeye. Tumezaliwa tukaikuta, tukaikalia miaka yote tukiilaani nguzo, hata hatukuona kuwa imekaa njiani.

"Sasa nenda ukashtaki kwa wakubwa," Gharib akasema, na watu wakacheka.

"Nishamfikia mkubwa. Mkubwa wa hapa ni wewe. Ivunje."

"Baraza ya babu yangu hii!"

"Hata nguzo ina babu yake. Ivunje, Gharib. Swabaha yuwaja wiki ijayo."

"Na utampeleka hospitali kwa kigari hiki cha watu wawili? Mkunga atakaa wapi, juu ya boneti?"

"Atakaa juu ya kichwa chako!" Sauti ilitoka dirishani juu. Ni Mwanabaraka. "Gharib, siku ya Mwanaesha kitanda ulikishika upande gani?"

"Wa kichwani."

"Kikakwama wapi?"

Gharib akatazama kikombe.

"Nakuuliza. Kikakwama wapi, mkakiteremsha, mkabadilishana mikono, na yule mwanamke yuwahema?"

"Hapa," akasema.

Mimi siku ile nilishika miguuni, nyuma kabisa. Nilikuwa naona migongo ya watu tu. Nilijua tulisimama mahali, sikujua ni wapi.

Gharib akaingia ndani. Aliporudi alikuwa na mtaimbo. Nikanyoosha mkono, akaukwepa, akapiga yeye pigo la kwanza, kokoto zikaturukia usoni. La pili nilipiga mimi. Tukapokezana mpaka ukingo wote wa baraza ukatoka. Kilichobaki ni kipande cha kukalia tako moja.

Kioko aliifungua injini kidogo kidogo kila akitoka kazini. Mimi nikakata bati la sakafu, nikanyoosha madigadi, nikajifunza kuendesha uwanjani huku Kioko akipiga kelele. Swabaha akaja, akaliona, akacheka mpaka akashika tumbo.

Adhuhuri moja Mwanabaraka akatoka chumbani alimokuwa Swabaha na uchungu, mikono yake imelowa. "Mtoto amekaa vibaya. Hii si kazi yangu tena. Washa."

Likawaka mara ya kwanza. Swabaha alikuwa kando yangu, Mwanabaraka amejibana nyuma mahali pa mizigo, magoti kidevuni. Gharib alikimbia mbele akipiga ukelele, "Njia! Njia!", akipita kwenye baraza yake bila kuitazama. Nguzo tuliipita kwa kiganja kimoja. Mate sikutema, mikono yote ilikuwa na kazi.

Pale hospitali muuguzi akatoka mbio na machela, akaliona gari, akasimama.

"Nani amemleta mzazi kwa gari la mashindano?"

"Babu yake mtoto," nikamwambia. "Mchukueni, amefika mzima."

Na mtoto naye alifika mzima, baada ya madaktari kumgeuza. Nguzo bado ipo. Wale wakubwa nimewaambia wasijisumbue.