Kifo cha Magamba

Kwa misimu mitatu mizima yule mwigizaji alichuma riziki yake akiwa ndani ya vazi la mpira. Katika tamthilia ya chombo kilichopotea angani, yeye ndiye aliyekuwa Magamba, dude la sayari ya barafu, na wenzake kazini wakasahau kabisa kwamba ana jina jingine. Vazi lilikuwa la sponji na mpira mzito, zipu iko mgongoni, mkono wake usikofika. Akishafungiwa, basi, pua ikimwasha, na iwashe. Aliona kupitia matundu ya pua ya lile dude. Hata mngurumo uliosikika kwenye televisheni haukuwa wake, kuna bwana mwingine aliyenguruma studioni, amekaa kwenye kiyoyozi. Mtu aliyewahi kuwaliza watu ukumbini kwa michezo ya jukwaani, leo jirani yake, kwa ile harufu ya sponji, alidhani anauza magodoro.

Akaomba aachiwe. Mtayarishaji, mama mwenye maneno laini na msimamo wa chuma, alimkumbusha mkataba: maadamu Magamba yu hai kwenye hadithi, naye yumo. Wakavutana mpaka mama akalegea, akakubali dude life mwisho wa msimu.

Siku ya kurekodi, alikufa kwa moyo wake wote. Alijikokota juu ya barafu ya plastiki, akamnyooshea mkono rubani aliyekuwa adui yake, kisha akaushusha taratibu, kama mzazi anayerudisha mlango wa chumba alicholala mtoto. Fundi wa mavazi alipomfungulia zipu, macho ya mwigizaji yalikuwa mekundu. Akasingizia gundi ya vazi.

Sehemu hiyo ilirushwa Jumamosi alasiri. Aliitazama na mkewe na mama mkwe, ambaye hakuwahi kuelewa mkwewe anafanya kazi gani hasa. Ilipoisha, mama mkwe akamgeukia mkwewe.

“Baba, nikwambie ukweli?” alisema. “Hadithi yenyewe haina kichwa wala miguu. Chombo kimeishiwa mafuta, mara kinapaa. Na yule rubani analia macho makavu. Lakini huyo dude...” Akavua miwani, akaipangusa. “Alivyoshusha ule mkono, nimemwona marehemu mzee wangu.”

“Ndiye huyu, mama,” mkewe akasema, akimshika mumewe begani. “Huyo dude ni huyu hapa.”

Mama mkwe akamtazama kama mgeni aliyeingia sasa hivi. Mwigizaji akainuka akajifanya anafunga dirisha.

Magazeti nayo yalisema vilevile: kisa kibovu, kifo hakina mfano. Alisoma kila mstari, akajiona mtu huru tena. Akampigia mwongozaji wa michezo ya jukwaani aliyemfahamu zamani, wakaanza kuongea habari za kazi.

Kisha mtayarishaji akapiga simu, sauti imejaa furaha. Watazamaji wamemlilia Magamba, wadhamini wamempenda, na waandishi wamepata njia: hakufa, alizimia tu.

“Umejiponza mwenyewe,” alimwambia akicheka. “Nani alikutuma ufe vizuri hivyo?”

Mkewe alimshauri akatae. Wakaupeleka ule mkataba kwa mwanasheria, naye akatikisa kichwa kabla hajafika mwisho.

Basi akaazimia kuharibu. Siku ya kwanza ya msimu mpya aliburuta miguu kivivu, akageuka pale alipoambiwa asigeuke, akasahau hata kuinua mkia. Alingoja watu wachoke naye.

“Safi sana!” mwongozaji wa tamthilia alipaza sauti. “Hapo kweli tunaona jeraha limemdhoofisha. Endelea hivyohivyo.”

Ndani ya mpira mwigizaji alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, na hakukuwa na namna ya kuyafuta. Fundi wa mavazi alisogea, akagonga kifua cha dude na kuuliza kama yuko sawa. Akajibu kwa kuinua dole gumba, lile kubwa la mpira.

Wakaanza kupanga taa upya. Yeye akasubiri amesimama, kwa kuwa mtu akiwa ndani ya vazi lile hawezi kuketi.