Pampu ya Mgeni Rasmi

Ile programu ya likizo ya kuwavuta wasichana kwenye uhandisi ilikuwa na kila kitu cha waridi: fulana za waridi, mabango ya waridi, hata bisibisi zenye mipini ya waridi. Sijui nani aliwadanganya kwamba msichana haoni bisibisi mpaka ipakwe rangi. Lakini karakana ilikuwa ya kweli, na pampu tuliyoiunda sisi wasichana wanne ilikuwa ya kweli, na mimi nilishanogewa.

Shida ilikuwa mama. Mama ni fundi cherehani, na likizo ndiyo msimu wa sare za shule. Dukani vitambaa hujaa hadi kwenye kiti cha wateja. Alinipa wiki moja tu.

"Siku ya ufunguzi nakuja kujionea," alisema. "Nikikuta ni mambo ya kupiga picha tu, unarudi kushona vifungo."

Na mama akisema, amesema.

Ufunguzi wenyewe ulifanyika wiki moja baada ya sisi kuanza, maana mgeni rasmi alikuwa na shughuli nyingi. Kazi yake ilikuwa kubonyeza swichi. Pampu ivute maji kutoka kwenye ndoo, yapande hadi kwenye tangi juu ya meza, watu wapige makofi, waende kula.

Asubuhi hiyo mkufunzi wetu, mtu wa kuvaa tai hata akiwa chini ya mashine, aliiona pampu ikivuja kwenye kiungo. Akaingiwa na baridi.

"Mtatutia aibu nyie!"

Akachomoa mpira wetu wa maji, akaweka mwingine uliopita nyuma ya pazia hadi kwenye bomba la ukutani. Mlinzi akapewa maagizo: akisikia makofi, afungue.

"Lakini mkufunzi, hiyo si pampu," nikasema.

"Funika kombe mwanaharamu apite, binti."

Mgeni rasmi akaanza hotuba. Akasema wasichana wanaweza. Akasema hata yeye nyumbani ana binti, kana kwamba sisi wengine tumeokotwa. Watu wakapiga makofi. Mlinzi, mtu mtiifu, akafungua bomba.

Maji yakaruka tangini, na kidole cha kubonyezea bado kiko mfukoni! Watu wakashangilia zaidi, mlinzi naye akafungua zaidi. Tangi likafurika, viatu vya mgeni rasmi vikaoga.

Mama hakupiga makofi. Alikuwa ameshaufuata ule mpira kwa macho hadi kwenye pazia. Akachukua mkoba wake.

"Haya, twende. Sare zinatungoja."

Hasira zilinipanda, na uchungu juu yake. Wiki nzima nachubuka vidole, halafu mama yangu aondoke akijua amezaa tapeli? Thubutu! Nikamfokea mlinzi afunge bomba, nikang'oa mpira wa pazia, nikarudisha wetu.

"Binti! Binti jamani!" mkufunzi akawa analia.

Nikabonyeza swichi mwenyewe.

Pampu ikakohoa, ikanguruma. Maji yakapanda, membamba, yakadondoka tangini. Mengine yakatoka kwenye kiungo yakanilowesha hadi kifuani. Nikaziba kwa kiganja.

Mama akarudi, akasimama mbele yangu.

"Inavuja."

"Inavuja ndiyo. Tulikaza nati za upande mmoja zaidi kuliko mwingine, kwa hiyo mpira wa kuzibia umekaa upogo. Ukizifungua, ukazikaza kidogo kidogo kwa zamu..."

Nikaeleza weee! Nyumbani nikizidisha sentensi mbili huambiwa nifunge bakuli langu. Pale mama alikiinamia kiungo, anasikiliza, maji yanamlowesha mikono, na hakunikatiza.

Mgeni rasmi akauliza kama sasa anaweza kubonyeza.

Mama akajifuta mikono kwenye gauni lake.

"Kesho usije dukani."

"Na sare je, mama?"

"Nitashona. Kitu chako kinavuja, wewe unakuja dukani kufanya nini?"