Kijiko Hakijafika

Kofi lilitua shavuni kwa kijana kabla mama yake hajajua kuwa mkono ule ni wake. Kijiko kikaruka, kikagonga ndoo ya masega, kikaanguka sakafuni. Mtoto mchanga, wiki sita tu duniani, akaangua kilio mapajani mwa baba yake.

"Umenipiga, Mama? Mbele ya mwanangu?"

"Na nitakupiga tena! Ushamlambisha?"

Kijana alijifuta asali aliyoachiwa shavuni.

Mama Nta, kama wateja walivyomwita, alikuwa akikamua masega tangu asubuhi, mikono imelowa asali mpaka viwiko. Alipogeuka kuchukua chujio ndipo akaona kijiko kikimeremeta mbele ya midomo ya mjukuu wake. Damu ikampanda kichwani. Mwezi uliopita muuguzi wa zahanati, mteja wake wa miaka mingi, alimweleza waziwazi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe asali hata tone, iwe mbichi au imechemshwa. Mtu mzima huila asiumwe, lakini mchanga anaweza kulegea shingo, akashindwa kunyonya, mwisho akashindwa hata kuvuta pumzi. Mama Nta aliitikia kwa kichwa, akarudi nyumbani, akanyamaza. Aliona haya, na biashara nayo aliionea huruma.

"Muuguzi kasema itamuua," alisema sasa.

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

Kijana alicheka kicheko kibaya. "Asali dawa ya kila kitu! Si wewe unayepiga kelele hivyo sokoni, miaka ishirini? Tangu mwezi uliopita umewauzia wenye watoto wangapi? Mkuki kwa nguruwe, siyo?"

Hapo alimgusa penye donda.

"Nipe mtoto."

"Sikupi!"

Alimshika mkono, kijana akamsukuma kwa nguvu zote. Mama Nta alikwenda na uso kwenye chuma cha kinu cha kukamulia, nyusi ikachanika. Aliinuka na kopo la moshi mkononi, lile la kufukuzia nyuki, akalishusha kwenye mkono uliomsukuma. Mfupa ukalia. Kijana akapiga yowe, akapiga magoti, na mama akamnyakua mtoto kabla hajaanguka.

Damu ilimziba jicho moja. Hakujali. Alimlaza mtoto kifudifudi gotini, akamtia kidole kinywani, akakwangua ulimi, akakwangua fizi na mashavu kwa ndani, huku akilia na kumwita, "Tema, mume wangu, tema." Mtoto alifurukuta, akakohoa, kisha akanyamaza.

"Mama." Sauti ya kijana ilikuwa ndogo. Alikuwa ameukumbatia mkono uliovunjika. "Hakulamba. Ulinipiga kijiko hakijafika."

"Niapie."

"Haki ya Mungu."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Si ulinipiga!"

Mama Nta alishusha pumzi, akaketi sakafuni na mjukuu wake. Ndipo akahisi kidole chake kinavutwa. Alitazama. Asali ilikuwa ikishuka kutoka kiwikoni, ikipita kwenye kiganja, ikiishia kinywani mwa mtoto, naye ananyonya ametulia, macho kafumba.

Alikichomoa. Mtoto akakifuata kwa midomo wazi, akikitafuta.