Majina Kumi na Manne ya Mto Mweupe

Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha juu ya Birmingham, mvua ile isiyomlowesha mtu kwa hasira bali kwa subira, na nje kulikuwa na baridi ya nyuzi nne. Walter Kipchumba alikuwa ameketi katika chumba cha mikutano tangu saa tatu kasoro dakika tano. Hakuwahi kuchelewa kikao maishani mwake, na waliochelewa aliwangoja kwa uso wa mtu anayehesabu dhambi za wengine.

Kikao kilikuwa cha kupanga kozi ndogo ya Afya ya Dunia. Kuanzia Septemba, mwanafunzi wa shahada ya kwanza, awe anasomea historia, uhandisi au sheria, angeweza kuongeza kando ya fani yake masomo matano ya afya ya mataifa, kisha amalizie kwa wiki sita za kazi nyanjani. Masomo yenyewe yalikuwa yamekwisha kukubaliwa: takwimu za magonjwa, historia ya chanjo, uchumi wa hospitali, maji na usafi, na maadili, hili la mwisho likiwa limeingizwa kwa ubishi wa Walter peke yake. Zilibaki zile wiki sita.

"Tumepata bahati," alisema Mark, mwenyekiti wao, akisukuma faili la rangi ya samawati katikati ya meza. "Zahanati ya Mto Mweupe, huko Kenya. Wako tayari kupokea wanafunzi ishirini kila Juni. Malazi, wakalimani, wauguzi wa kuwasimamia, vyote vipo. Na wanachoomba ni kidogo sana."

"Ni kidogo mno," alisema Walter.

Parveen, mratibu wa kozi, hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake. "Daktari Walter, wewe ukipewa ua utauliza shina lake limezikwa wapi."

"Nitauliza aliyelichuma alipewa ruhusa na nani. Kwetu tunasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mimi bado sijaelewa kwa nini afya ya dunia ni lazima ianzie uwanja wa ndege. Kuna wagonjwa wa dunia nzima kati ya hapa na mtaa wa Sparkhill."

"Hilo tuliliandika kwenye kumbukumbu mara tatu," alisema Parveen.

Mark alieleza kilichohitajika. Kabla ya Ijumaa saa sita mchana, siku baraza la kitivo litakapokaa, fomu ya uthibitisho wa kituo ilipaswa kutiwa sahihi na mtu anayeifahamu nchi husika na kazi yake. Mtu huyo alikuwa Walter, aliyekuwa tabibu wa zahanati za mashambani kwa miaka minane kabla ya kuja Uingereza na kuwa mhadhiri. Pasipo kituo, kozi isingefunguliwa mwaka huu.

Walter alifungua faili ili atazame tu jina la mkurugenzi. Joram Kimani. Alilisoma mara mbili, kisha akafunga faili.

"Ni lazima niseme mbele ya kikao kwamba mtu huyu ninamfahamu," alisema. "Tulisoma shule moja ya bweni."

"Basi ni bora zaidi," alisema Mark kwa furaha ya kweli.

Walter hakuona ubora wowote. Vyuo vimejaa Uingereza nzima kama kunguru. Kwa nini Kimani, ambaye hakumwona wala kumsikia tangu mwaka 1993, achague chuo hiki? Na kama alikichagua kwa sababu ya Walter, kwa nini hakumpigia simu?

Mchana huo alijifungia ofisini akaanza kulipekua faili kama alivyokuwa akipekua makabati ya wenzake shuleni alipokuwa kapteni wa bweni: polepole, bila kuruka pembe. Picha zilikuwa nzuri, nzuri kupita kiasi. Katika kabati la dawa kila kopo lilielekeza jina lake kwenye kamera. Daftari la kliniki ya wajawazito lilikuwa limefunguliwa mezani, kurasa zake nyeupe, zimenyooka. Walter alikuwa amejaza madaftari ya aina hiyo kwa miaka minane. Alijua yanavyovimba kwa jasho la mikono, pembe zake zinavyojikunja, na jinsi wino unavyotambaa pale mtoto wa mgonjwa alipomwaga chai. Daftari hili halikuwa limeshikwa na mtu mwenye haraka.

Lakini daftari jipya linaweza kununuliwa, alijiambia. Upya si kosa. Alijikemea kwa kutaka kumkuta mtu na hatia kwa sababu tu jina la mtu huyo lilimuuma.

Kiambatisho cha tatu kilikuwa orodha ya wahudumu wa afya wa kujitolea, watu kumi na wanne ambao wangewatembeza wanafunzi nyumba kwa nyumba. Majina yalikuwa ya makabila yote. Hilo nalo lilimtia shaka, kisha akakumbuka kwamba sehemu ile walihamia watu wa kila upande. Akaanza kuyasoma kwa sauti, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa kukagua orodha.

"Grace Oduor. Peter Mwangangi. Esther Lelei. Simon Wafula. Mary Ngugi..."

Alipofika la tano, ulimi ulitangulia jicho. Alijua la sita kabla ya kuliona: Mutiso. La saba: Abdiweli. La nane: Nyachae. Aliufunika ukurasa kwa kiganja, akatazama ukutani na kuendelea kwa kichwa hadi mwisho. Kisha akaondoa kiganja. Hakukosea hata moja.

Haikuwa orodha ya wahudumu. Ilikuwa orodha ya vitanda. Kwa miaka miwili, kila usiku kabla ya taa kuzimwa, kapteni Walter Kipchumba alisimama mlangoni akaita majina ya bweni lake kwa mpangilio wa vitanda, kutoka mlangoni hadi dirishani. Aliyeandika orodha hii alikuwa amebandika majina ya kwanza mapya, ya kike na ya kiume, mbele ya majina yale ya zamani, wala hakujisumbua kuyachanganya. Bweni lilikuwa na wavulana kumi na sita. Waliokosekana walikuwa wawili: aliyekuwa akiita, na Kimani.

Jumatano alimpigia simu Parveen. "Nisipotia sahihi, itakuwaje?"

"Kozi itangoja mwaka, labda miaka. Wanafunzi kumi na wanane wamekwisha kujiandikisha." Alishusha sauti. "Umeona nini?"

"Nitakuambia kesho jioni. Ni haki ya mshtakiwa kuulizwa kwanza."

Kimani alikuwa mjini. Alikuja kwa ajili ya kutiliana sahihi na chuo, na Alhamisi saa saba mchana, kwa mwaliko wa Walter, alikuwa akimsubiri katika mkahawa wa Luul, Barabara ya Stratford. Luul, Msomali aliyelelewa mtaa wa Eastleigh huko Kenya, alimpokea Walter mlangoni huku akijifuta mikono.

"Karibu, Daktari. Mgeni wako amemaliza chai mbili, na mimi amenimalizia vicheko vya wiki. Huyu umemtoa wapi?"

"Sikumtoa mimi," alisema Walter.

Kimani alisimama, akabana visigino na kupiga saluti. Alikuwa mwembamba, nywele zimeingia mvi, koti lake jepesi mno kwa Februari. "Kapteni. Umenenepa kwa heshima."

"Kaa chini, Kimani."

"Amri ni zile zile. Nikae, nile, nizime taa?"

Walikula pilau ya mbuzi. Kimani alizungumza, Walter akasikiliza kila neno kama mtu anayegonga ukuta akitafuta penye uwazi. Sahani zilipoondolewa, alitoa karatasi mfukoni na kuilaza mezani.

"Oduor hajambo?"

"Oduor yupi?"

"Grace. Aliyelala kitanda cha kwanza akikoroma kama trekta."

Kimani aliitazama karatasi. Kisha alicheka, kicheko kirefu kisicho na sauti, hadi akajifuta macho kwa kitambaa cha meza. "Nilijua utaisoma. Sikujua utaisoma kwa mdomo, kama zamani."

"Kwa nini majina yale?"

"Nilitakiwa kuwa na watu kumi na wanne kabla ya jioni. Mtu akikosa majina kichwani hurudi kwao. Mimi kwetu ni pale, Kapteni. Kwingine kote nilipita tu."

"Zahanati ipo?"

"Jengo lipo. Paa lipo, tangi la maji lipo. Kisichokuwepo ni watu, na watu hufuata wageni. Wanafunzi wakija, kaunti itaona aibu ituletee muuguzi. Wahudumu nitawapata. Wote huanza hivi. Wengine wana karatasi safi zaidi, basi."

"Na mama atakayefika Juni kabla ya huyo muuguzi, ana uchungu, atapokewa na nani? Na kijana wa historia mwenye umri wa miaka ishirini, aliyevaa koti jeupe?"

"Atapokewa na mtu. Leo hapokewi na mtu yeyote."

Jibu hilo lilimuudhi Walter. Alipanga kijiko sambamba na ukingo wa meza. "Atakayemwona amevaa koti jeupe atamwamini," alisema hatimaye. "Leo anajua kwamba hapana mtu, anakwenda mbali anakojua kuna mtu. Wewe unataka kumzuia njiani kwa picha."

Kimani aliacha kutabasamu. Alisogeza kikombe kando, na kwa mara ya kwanza akamwita kwa jina.

"Walter. Nakudai."

Walter alikuwa akilingoja neno hilo tangu Jumanne. Pengine tangu mwaka ule. Walikuwa kidato cha tatu. Mahindi ya shule yalikuwa na wadudu, wavulana wakiugua matumbo, na mtu fulani akaiandikia bodi ya shule barua isiyo na jina, iliyotaja wazi nani alikuwa akiyauza mahindi mazuri nje. Mwalimu mkuu, aliyeamini kwamba barua ilitoka bwenini mwao, alilisimamisha bweni zima uwanjani na kusema kwamba mwandishi asipojitokeza, wote kumi na sita watakwenda nyumbani. Barua iliandikwa na Walter. Aliyepiga hatua mbele alikuwa Kimani. Walter alijiambia kwamba atasema ukweli baada ya chakula cha jioni. Kufikia wakati huo sanduku la Kimani lilikuwa langoni. Kimani alifukuzwa, akamaliza masomo mahali pasipo na maabara, na ile ndoto yake ya udaktari ikaishia hapo. Walter alitunukiwa tuzo ya nidhamu.

"Sikukuandikia," alisema Kimani. "Sikukupigia simu. Miaka thelathini na miwili sijakuomba hata chai. Leo naomba sahihi moja."

Je, hata siku ile pale uwanjani, alisimama akijua kwamba siku moja atakuja kudai? Wazo hilo lilimtia Walter aibu, lakini hakulifukuza. Lilimsaidia kuona jambo jingine: hata kama Kimani alisimama kwa hesabu, adhabu aliyoibeba ilikuwa ya kweli.

Alitoa fomu ya uthibitisho kwenye mkoba wake. Chini ya neno "Maoni" aliandika kwa mwandiko wake mnyofu: *Sikithibitishi kituo hiki. Hakina watumishi, na orodha iliyoambatishwa si ya kweli.* Akatia sahihi na tarehe, akaigeuza ili Kimani aisome.

"Umeniua," alisema Kimani kwa upole.

"Bado sijamaliza."

Alichukua simu, akafungua kundi la wanafunzi wa zamani wa shule yao, watu mia mbili na zaidi waliotawanyika duniani, ambao kila Krismasi walisimuliana upya kisa cha barua ya mahindi. Aliandika bila kusita, kwa kuwa sentensi hizo zilikuwa zimekaa ndani yake muda mrefu zikirekebishwa. *Barua ya mahindi ya mwaka 1993 niliiandika mimi, Walter Kipchumba. Joram Kimani hakuijua hata mstari mmoja. Alijitokeza ili bweni lisifukuzwe, akafukuzwa kwa ajili yangu, nami nilinyamaza.*

Alimwonyesha Kimani kabla ya kutuma. Kimani alisoma, na mkono wake ukanyooka juu ya meza kana kwamba anataka kuizuia simu.

"Usitume. Wale wote wananijua kama mwandishi wa ile barua. Ndiyo sifa pekee niliyobaki nayo pale."

"Ninajua."

"Basi unaninyang'anya."

"Ulichonikopesha ni kimya changu," alisema Walter. "Hicho ndicho ninachokirudisha."

Alituma. Kwa muda hakuna kilichotokea. Basi lilipita nje likirusha maji, Luul akacheka na mteja jikoni. Kisha simu ya Walter ilianza kutetemeka mezani. Kimani aliichukua akasoma ukurasa baada ya ukurasa, na Walter hakumharakisha.

"Oduor anauliza niko wapi, anataka namba yangu," alisema Kimani mwishowe. "Oduor halisi." Alilaza simu kifudifudi. "Haya. Umelipa. Hilo nakubali mbele ya shahidi," akamwelekezea Luul kidevu. "Na sahihi yangu?"

Walter alikuwa amekwisha kuikunja fomu na kuirudisha kwenye mkoba.

"Hiyo sikuwahi kudaiwa," alisema.